Historia ya Kikuku cha Farasi, na Magoti ya Hajji Wetu



Katika darsa zetu za baada ya swala ya Alasiri hapa Industrial, Mbale, tulifika kwenye dua ya mpandaji. Ni ile iliyopokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib (R.A.) katika vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi. Aliletewa mnyama wa kupanda, na alipoweka mguu kwenye rikabu alisema Bismillah, alipokaa sawasawa mgongoni akasema Alhamdulillah, kisha akasoma yale maneno ya Suratuz-Zukhruf ambayo watoto wetu wote wameyahifadhi kama dua ya safari. Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, rikabu ni kitu gani?" Tukamjibu kwamba kwa Kiswahili chetu ni kikuku cha farasi. Wasichana wakacheka, kwa kuwa kwao kikuku ni pambo la mguuni. Hawakukosea, neno ni hilo hilo moja. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona kikuku cha farasi, na wengi hawajamwona farasi mwenyewe isipokuwa kwenye picha.

Yupo Hajji mmoja ambaye hukaa nyuma karibu na mlango. Siku hiyo alikuwa amekuja kwa boda kutoka upande wa Nkoma. Akasema, huku akijikanda magoti, kwamba laiti boda nazo zingekuwa na rikabu ya maana, kwani kila akishuka magoti yanamuwaka moto. Hapo kijana mwingine, msomaji wa vitabu na mpenda kuonekana, akamjibu kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwaamuru Waislamu wazitupe rikabu na waruke juu ya farasi kwa nguvu zao, na kwamba watu wa zamani hawakulia magoti. Darasa zima likacheka. Nasi, tukiri ukweli, tulitabasamu tukaendelea na somo. Hajji hakuonekana darsani kwa wiki tatu.

Makala hii ni matunda ya wiki hizo tatu. Tulirudi vitabuni kutafuta habari za kikuku, tukakuta kwamba maumivu ya viungo yamo ndani ya historia yake tangu mwanzo kabisa, kabla hata kikuku chenyewe hakijatengenezwa.

Wagiriki wa kale hawakuwa na vikuku, wala Warumi baada yao. Katika kitabu cha kale cha utabibu kinachonasibishwa na Hippocrates, kinachozungumzia hewa, maji na mahali, imo habari ya Waskithia, watu wa mbuga za kaskazini ya Bahari Nyeusi walioishi juu ya farasi. Mwandishi anaeleza kwamba kwa kuwa miguu yao ilining'inia siku zote kutoka juu ya farasi, walipatwa na uvimbe wa viungo usiokwisha, na wale waliozidiwa waliharibika nyonga na kuchechemea. Habari hiyo ni ya karne ya 5 kabla ya Nabii Isa (A.S.), au karibu na hapo. Kitabu hicho baadaye kilifasiriwa kwa Kiarabu zama za Bani Abbas, kazi ambayo hunasibishwa na Hunayn bin Ishaq wa Baghdad, aliyefariki mwaka 873. Kwa hiyo matabibu wa Kiislamu walilijua jambo hili: mguu usiokuwa na pa kukanyaga huumiza kiungo kilicho juu yake.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mguu wa mtu mzima ni mzito. Ukining'inia saa nyingi, uzito wote unavuta nyonga na goti kuelekea chini. Mpandaji naye, ili asianguke, anabana mapaja kwa nguvu, na kila hatua ya mnyama inampiga kwenye uti wa mgongo bila kupunguzwa na kitu. Akipata pa kukanyaga, sehemu ya uzito wake inashuka kwenye nyayo, na mguu unafanya kazi kama springi ya gari.

Pamoja na hayo, watu walikaa karne nyingi bila kupata dawa. Huko India, kwenye michongo ya Sanchi yenye umri wa miaka 2000 hivi, wataalamu wameona kitanzi kidogo alichoingiza mpandaji kidole gumba cha mguu. Kwa watu wapandao peku kitanzi kilifaa. China tunakutana na kitu cha kustaajabisha zaidi: sanamu ya udongo kutoka kaburi la Changsha la mwaka 302 ina kikuku kimoja tu, upande wa kushoto. Kilikuwa ngazi. Mtu alikikanyaga kupanda, akishakaa anakiacha. Miaka 20 baadaye, katika kaburi la mwaka 322 karibu na Nanjing, tunaviona viwili, kushoto na kulia. Na jozi iliyotoka kwenye kaburi la Feng Sufu, aliyekufa mwaka 415, ilikuwa ya mti wa mforosadi uliofunikwa shaba iliyopakwa dhahabu. Wazazi wanaotueleza kwamba kazi kubwa kwao ni kule kupanda na kushuka, wala si safari yenyewe, wajue kwamba kikuku cha kwanza kabisa kilikuwa cha shida hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa Waarabu, ambako kijana wetu alidhani amefunga mlango.

Waarabu walikuwa na rikabu, na ngamia walikuwa na kitu chao walichokiita gharz, pa kutia mguu kwenye tandiko la ngamia, cha ngozi. Imo katika Sahih Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipoweka mguu wake katika gharz na ngamia akasimama naye, ndipo alipoinua sauti ya talbiya pale Dhul-Hulayfa. Mwanafunzi asichanganye na neno rikab lililomo katika Suratul-Hashri, aya ya 6. Pale maana yake ni ngamia wa kupandwa, si kikuku. Tumewahi kusikia mtu akikosea hapo juu ya mimbari.

Amri ya Sayyidna Umar ni kweli ipo. Imepokewa na Abu Uthman an-Nahdi, katika barua waliyoandikiwa wapiganaji waliokuwa Azerbaijan pamoja na Utba bin Farqad, wakati wa ukhalifa wake (634 hadi 644). Lakini isomwe yote. Barua ile iliwaambia wavae shuka, waache suruali na khofu, wazoee jua, warushe mishale kwenye shabaha, wazitupe rikabu na waruke juu ya farasi. Walioandikiwa walikuwa askari, wengi wao bado wana nguvu, waliozungukwa na starehe za wafalme wa Kiajemi, naye Khalifa alichelea miili yao isije ikalegea kabla ya vita kwisha. Hakumwandikia mzee wa miaka 70 anayekwenda kusikiliza darsa. Na kijana wetu aliyeitoa hoja hiyo, siku ile alikuwa amevaa suruali, tena ya jinsi.

Haikupita hata miaka 60 tangu barua ile, mambo yakageuka, na aliyeyageuza ni mtu mwenye asili ya Oman. Al-Muhallab bin Abi Sufra alitoka katika kabila la Azd wa Oman, kabila ambalo hata ukoo wa Busaidi, watawala wa Zanzibar, hujinasibisha nalo. Al-Muhallab alikabidhiwa vita dhidi ya Azariqa, kundi kali la Khawarij, vita vilivyodumu kwa miaka hadi karibu na mwaka 698. Al-Mubarrad, mwanachuoni wa karne ya 9, anasimulia katika Al-Kamil kwamba rikabu za watu zamani zilikuwa za mbao. Zilikuwa zikivunjika zikigongwa, na mpandaji aliyetaka kupiga upanga au kuchoma mkuki akajikuta hana pa kuegemea. Al-Muhallab akaamuru rikabu zifuliwe kwa chuma, akawa wa kwanza kuamuru hivyo katika Waarabu. Alifariki mwaka 702 akiwa gavana wa Khurasan.

Hatukukuta popote kwamba wanachuoni wa zama zake walimwambia amekwenda kinyume na Umar. Walielewa kwamba Umar alikuwa anaujenga mwili wa kijana, na Al-Muhallab alikuwa anaulinda mwili uliokwisha kazini. Hata waalimu wa upanda farasi wa zama za Bani Abbas, kama Ibn Akhi Hizam wa karne ya 9, walimwanzisha mwanafunzi kwenye farasi mtupu asiye na tandiko ili ajifunze kukaa, kisha ndipo wakampa seruji na rikabu. Yote mawili yalikuwa na wakati wake. Na katika sharia yenyewe maumivu yana hukumu. Imran bin Husayn (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Hakuambiwa kwamba watu wa zamani hawakuugua.

Mwingine aliyeandika habari za rikabu ni Al-Jahidh wa Basra, katika Al-Bayan wat-Tabyin, akiwajibu watu waliowadharau Waarabu kwamba hawakujua vifaa vya vita. Yeye mwenyewe uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 868 au 869, alipooza upande mmoja na upande wa pili ukashikwa na jongo. Husimuliwa kwamba alisema upande mmoja ungekatwa asihisi, na upande wa pili nzi akipita anaumia. Kwa hivyo kati ya waliotuhifadhia habari ya kifaa cha mguu, yumo mtu aliyejua vizuri sana kiungo kikiuma kinakuwaje.

Baada ya chuma kukubalika, watu walianza kutofautiana juu ya urefu na umbo, na hapa ndipo palipo na faida kwa mwenye magoti mabovu. Mabarbari wa Zanata huko Maghribi walipanda na vikuku vifupi, magoti yamekunjwa, wepesi wa kugeuka vitani. Wahispania waliwaiga mpaka neno lao la mpanda farasi, jinete, likatokana na jina la Zanata. Mashujaa wa Ulaya wenye mavazi ya chuma wao walinyoosha miguu karibu yote. Goti lililokunjwa sana hubana kifuniko chake juu ya mfupa, na anayeumwa huanza kusikia moto mbele ya goti baada ya nusu saa. Lakini aliyenyoosha kupita kiasi naye hutafuta kikuku kwa ncha za vidole, akapoteza nguvu ya kifundo na kurudia maradhi ya Waskithia. Watu wa Maghribi walipunguza madhara ya kukunja goti kwa kutengeneza vikuku vipana, sahani ya chuma inayobeba karibu unyayo wote. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya nao walikuwa na vya sahani pana. Ukiangalia picha za vikuku hivyo utadhani ni sinia.

Kwa nini basi haya yote hayakufika kwetu? Kwa sababu ya mbung'o, ambaye nagana yake huua farasi, na kwa sababu ya tauni ya farasi inayoenezwa na visubi. Pwani walikuwepo wachache, wengi wakiletwa kutoka Arabuni, nao walikuwa mali ya wakubwa. Sayyid Said alipoituma merikebu ya Sultana New York mwaka 1840, katika zawadi za Rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili. Binti yake Salme, katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba watoto wa Mtoni walifundishwa kupanda wakiwa wadogo, wavulana wakapewa farasi na wasichana punda weupe wakubwa wa Maskati. Huku bara, tangu Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844, Uislamu ulikuja kwa miguu. Punda wetu wa Sebei, kule juu Mlima Elgon, wanabeba mizigo. Vikuku hawana.

Hata hivyo leo kuna farasi wa kupanda kule Jinja, kando ya Mto Nile, na baadhi ya wanafunzi wetu wameshawapanda wakarudi wakichechemea. Wapo pia ndugu zetu walio Oman na kwingine Ghuba ambao watoto wao wanajifunza. Kwa hao tunaeleza yale ambayo wapandaji wazoefu wanakubaliana.

Anza na urefu, kwa kuwa maumivu mengi ya goti yanatoka hapo. Mpandaji akae, aiache miguu ining'inie bila kikuku. Pa kukanyagia pawe sawa na kifundo cha mguu. Anayeumwa goti ashushe tundu moja la ukanda, anayeumwa nyonga au kifundo huenda akahitaji kupandisha kidogo. Kisha upana. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 hadi 2.5 hivi. Kikibana, mguu hunaswa mtu akianguka na farasi akamburuta. Kikizidi, mguu hupenya upande wa pili, na hatari ni ile ile. Kiatu kiwe na kisigino.

Lililosahauliwa sana ni mahali pa kukanyagia penyewe, jinsi palivyo pana kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma chembamba hukata unyayo mstari mmoja, ganzi ikaingia vidoleni. Sahani pana yenye mpira hueneza uzito, kama walivyojua watu wa Maghribi. Siku hizi vimetengenezwa vikuku vyenye maungo pembeni vinavyocheza kidogo kila farasi anapodunda, na wenye kifundo kibovu husifu sana. Vya plastiki ngumu au alumini ni vyepesi, lakini kikuku kizito cha chuma kina wema wake: kinaning'inia kimetulia, na mguu ukitoka hukipata upesi. Sisi tungemchagulia mzee kilicho kipana kabla ya kumchagulia kilicho chepesi.

Kuna kosa jingine linaloumiza goti taratibu bila mtu kulijua. Ukanda mpya wa ngozi hukigeuza kikuku kielekee tumbo la farasi, ikabidi mpandaji aupinde mguu kila hatua ili kukishika. Goti halikuumbwa kuzungushwa. Kwa matandiko mazito ya Kimarekani watu huusokota ukanda, wakapitisha mpini wa fagio ndani ya vikuku vyote viwili, wakauacha usiku kucha, asubuhi vinatazama mbele. Na wakati wa kupanda tumia jiwe au kigoda, usijivute kutoka chini kwa mguu mmoja uliokunjwa. Hilo humuumiza hata farasi mgongo. Goti lililovimba na kuwa la moto, au linalokwama, hilo lipelekwe kwa daktari. Kikuku hakitibu.

Tukirudi kwa Hajji, tulimwendea nyumbani kwake pamoja na yule kijana, ambaye aliomba msamaha kabla hatujaketi. Hajji akasema hakukasirika, ila alichoka kupandishwa boda wakiwa watatu. Wakati huo huo tukaelewa. Mishikaki ya boda, abiria wa mwisho hana kikanyagio, miguu yake inaning'inia kwa kilomita zote hizo, naye anabana mapaja ili asiunguzwe na bomba la moshi. Waskithia watupu! Na hata akipanda peke yake, kikanyagio cha abiria ni kijiti chembamba kilicho juu mno kwa mtu mrefu kama yeye.

Kijana akalipa boda wa kudumu, abiria mmoja tu, na tukampeleka mwenye piki kwa fundi wa kuchomelea hapa hapa Industrial. Fundi akakata bamba la upana wa kandambili, akalifunika kwa kipande cha tairi, akalishusha chini kidogo kuliko kikanyagio cha kiwandani. Mwenye piki alilalamika kwamba litamgonga mwenzake kwenye msongamano, basi likatiwa bawaba ili likunjwe. Kazi ya asubuhi moja.

Hajji amerudi mahali pake karibu na mlango. Anasema cha kulia kiko juu kidogo kuliko cha kushoto, na fundi ameahidi kukishusha Jumamosi, inshaallah.